Picha isibaki ndani ya kamera

Jinsi ya kuhamisha picha kwenda kwenye kompyuta, kuzipanga na kuzilinda

Katika makambi na katika familia zinazopokea wageni, huko Masisi na Walikale, hukosi mtu mwenye kamera ndogo ya dijitali au simu inayopiga picha. Kamati ya kambi hupiga picha siku ya kugawa chakula. Mwalimu hupiga picha ya darasa lililobomolewa. Mpatanishi wa mashamba hupiga picha ya mti wa mpaka na ya karatasi yenye alama za vidole vya mashahidi. Mama aliyempokea mtoto asiye na wazazi humpiga picha ili apate kutafutiwa jamaa zake.

Kazi hiyo ni njema, lakini mara nyingi inaishia hapo. Picha hubaki ndani ya kamera. Kadi ikijaa, mtu anafuta za zamani ili apate nafasi ya picha za harusi. Kamera inalowa mvua, inauzwa, inaporwa njiani. Siku picha inapotakiwa, haipo tena.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kutoa picha kwenye kamera na kuziweka kwenye kompyuta, kuzipa majina, kutunza nakala, na kuwalinda watu wanaoonekana ndani yake. Tumeiandika kwa ajili ya familia zilizohama na viongozi wao. Si lazima uwe fundi. Ukiweza kutumia simu, utaweza na haya.

Kwa nini picha inapaswa kuishi kuliko kamera

Mambo ya haki na ya amani huchukua muda mrefu. Tutoe mifano miwili.

Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wenye silaha walivamia Luvungi na vijiji vingine kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, wilayani Walikale. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika habari za watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake, wanaume, wasichana na wavulana. Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa kundi la NDC lililotajwa katika uvamizi huo, alijisalimisha mwaka 2017. Kesi yake ilifunguliwa Goma mwaka 2018, na tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifungo cha maisha. Kutoka siku za Luvungi hadi hukumu ilipita miaka zaidi ya 10.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu wa Kivu Kusini. Mwaka 2012 vijiji vya Kamananga na Lumenje, wilayani Kalehe, vilishambuliwa. Mwezi Septemba 2018 mahakama ya kijeshi huko Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kifungo cha maisha. Katika kesi hiyo mahakama ilipokea picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness. Programu hiyo hutunza pamoja na picha tarehe, saa na mahali ilipopigwa, na huonyesha kama picha imeguswa baadaye. Kwa hiyo mahakimu hawakutazama sura ya picha tu. Waliweza kujua picha imetoka wapi na imepita mikononi mwa nani.

Ni kamera gani hapa kwetu inayodumu miaka 10? Ni chache sana. Lakini picha yenyewe inaweza kudumu, ikihamishwa vizuri na ikiandikiwa maelezo yake.

Tena si mambo ya mahakama tu. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, maelfu ya watoto waliopoteana na wazazi wao walipigwa picha katika makambi ya upande wa Goma, na picha hizo zikaonyeshwa kambi hadi kambi ili jamaa wawatambue. Tangu wakati huo, kuonyesha picha kumebaki mojawapo ya njia ambazo Msalaba Mwekundu hutumia kuunganisha familia. Na katika mambo ya ardhi, watu wengi wa Masisi hawana hati ya serikali ya shamba lao. Wana karatasi ya mkono, mashahidi na mti wa mpaka. Karatasi huungua na mashahidi huzeeka. Picha iliyotunzwa vema huwasaidia wazee wa baraza kukumbuka.

Vifaa vinavyohitajika

Unahitaji vitu vichache:

• Kamera yenye betri iliyojaa. Betri ikizimika katikati ya kazi, picha inaweza kuharibika.
• Waya ya USB ya kamera hiyo. Kamera za zamani zina tundu la namna yake, kwa hiyo usitupe waya iliyokuja nayo.
• Au badala ya waya, kisomaji cha kadi. Ni kifaa kidogo kinachopokea kadi ya kumbukumbu na kuingizwa kwenye kompyuta. Waya ya kamera ikipotea, hicho ndicho msaada wako.
• Kompyuta: ya shule, ya parokia, ya shirika, au ya kibanda cha fotokopi.
• Flashi mbili za kuwekea nakala.
• Daftari na kalamu. Tutaeleza sababu hapo chini.

Kwa wale wanaotumia umeme wa jua au jenereta, chagua saa ambayo umeme hautakatika. Kompyuta ya mkononi yenye betri nzuri ni bora kwa kazi hii.

Kabla ya kupiga picha: rekebisha saa ya kamera

Kila picha ya dijitali huandikiwa kwa siri, ndani yake, tarehe na saa iliyopigwa. Kamera huchukua habari hiyo kutoka kwenye saa yake. Saa ikiwa si sahihi, picha ya mwaka huu itajitambulisha kuwa ya mwaka mwingine, na mtu mwenye nia mbaya atasema mmedanganya.

Kwa hiyo fungua menyu ya kamera, tafuta mahali pa tarehe, uweke mwaka, mwezi, siku na saa. Tumieni saa ya Goma, si ya Kinshasa, kwa kuwa kuna tofauti ya saa moja. Betri ikitolewa kwa muda mrefu, kamera nyingi husahau tarehe. Iangalieni kila mara kabla ya kazi.

Hatua kwa hatua: kutoa picha kwenye kamera

Kompyuta nyingi za kwetu zina menyu za Kifaransa, kwa hiyo tunataja maneno jinsi yanavyoonekana kwenye skrini.

1. Tengeneza folda mpya kwenye kompyuta kabla ya kuunganisha kamera. Ipe jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kwa mfano: 2024-03-15_shule. Ukiandika hivyo, folda zitajipanga zenyewe kwa kufuata tarehe.

2. Zima kamera. Ingiza waya upande wa kamera, kisha upande wa kompyuta. Halafu washa kamera. Ikiwa unatumia kisomaji, toa kadi kwenye kamera iliyozimwa na uiingize kwenye kisomaji.

3. Subiri kidogo. Kompyuta inaweza kufungua dirisha lenyewe. Lisipofunguka, fungua «Ce PC» (kwenye kompyuta za zamani huitwa «Poste de travail»). Utaona jina la kamera au la kadi.

4. Fungua, na utafute folda iitwayo DCIM. Karibu kamera zote za dijitali, na simu nyingi pia, huweka picha humo. Ndani yake kuna folda moja au zaidi zenye namba. Fungua zote. Kamera ikipiga picha nyingi huanzisha folda mpya, na watu wengi husahau kutazama ya pili.

5. Chagua picha zote, kisha bofya kitufe cha kulia cha kipanya na uchague «Copier». Usichague «Couper». «Copier» huacha picha za asili mahali pake. «Couper» huziondoa, na umeme ukikatika katikati hutajua zipi zimefika na zipi zimepotea.

6. Rudi kwenye folda uliyoitengeneza, bofya kulia, uchague «Coller». Subiri hadi kazi iishe. Usiguse waya.

7. Kompyuta ikiuliza kama unataka kubadilisha faili yenye jina lilelile, kataa. Kamera hutoa majina kama IMG_0001, na kamera mbili zinaweza kutoa jina moja kwa picha mbili tofauti. Ukikubali, picha ya kwanza inafutwa. Tengeneza folda nyingine na uweke picha hizo huko.

8. Kamera au kadi ikionekana kwenye kompyuta kama diski, bofya kulia juu yake na uchague «Éjecter», halafu ndipo uchomoe. Kisha zima kamera. Kuchomoa ghafla kunaweza kuharibu kadi nzima.

Kwa simu hatua ni zilezile, ila baada ya kuunganisha waya, tazama skrini ya simu. Itauliza kama unataka kuchaji tu au kuhamisha faili. Chagua kuhamisha faili.

Hakikisha kwanza, ndipo ufute

Usifute kitu kwenye kamera siku hiyohiyo bila kufanya mambo matatu.

Kwanza, hesabu. Kama kamera ilikuwa na picha 86, folda ya kompyuta iwe na picha 86. Pili, fungua baadhi ya picha: ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Ikiwa nusu ya picha ni ya kijivu au haifunguki, rudia. Tatu, tengeneza nakala ya pili kwenye flashi, nayo uihesabu vilevile.

Baada ya hapo unaweza kusafisha kadi. Ni vizuri kufanya hivyo kwenye menyu ya kamera yenyewe badala ya kompyuta. Na kompyuta ikikuambia kwamba kadi inapaswa kufanyiwa «Formater» kabla ya kufunguka, usikubali. Hiyo ni dalili kwamba kadi ina hitilafu, na kukubali ni kufuta orodha yote ya picha. Itoe, ujaribu kwenye kompyuta nyingine.

Mali bila daftari hupotea bila habari

Methali hii wafanyabiashara wanaijua, nasi tunaileta kwenye picha. Picha isiyo na maelezo, baada ya miaka miwili hakuna anayejua ni ya nini. Nyumba iliyoungua huko Kitchanga mwaka 2013 inafanana na nyumba iliyoungua mahali pengine. Ndiyo maana picha zisizo na maelezo huchukuliwa na waeneza uvumi, wakazipa jina la kijiji kingine na kabila lingine, na vijana wakakasirishwa na jambo ambalo halikutokea.

Kwa kila picha muhimu, andika kwenye daftari:

• Namba ya picha.
• Tarehe na saa.
• Mahali: kijiji, kisha sekta au usultani, kisha wilaya. Majina ya vijiji hurudiwa, kwa hiyo usiandike kijiji peke yake. Masisi ina usultani wa Bahunde na wa Bashali, na sekta za Katoyi na Osso-Banyungu. Walikale ina sekta za Bakano na Wanianga.
• Nini kinaonekana. Andika ulichokiona kwa macho, si ulichosikia. «Mlango umevunjwa, paa limeungua» ni jambo la kuonekana. «Watu wa kabila fulani walichoma» ni neno la kusikia. Kama liko, liandikwe mahali pake na aliyelisema.
• Nani alipiga picha, na kwa ruhusa ya nani.
• Nani amepewa nakala, na tarehe gani.

Picha ya asili isiguswe. Usiikate, usiing'arishe, usiandike juu yake. Ukitaka kuipunguza au kufunika uso wa mtu, fanya hivyo kwenye nakala, na nakala hiyo uipe jina lake.

Nakala mbili, mahali pawili

Picha iliyo mahali pamoja tu ni kama mbegu yote kwenye kikapu kimoja: panya akiingia, hakuna msimu ujao. Tunapendekeza kuwe na nakala mbili walau, tena zisikae nyumba moja. Moja ikae na mwandishi wa kamati. Ya pili ikae kwa mtu au taasisi mnayoiamini iliyo mbali kidogo: parokia, shule, shirika la haki za binadamu, jamaa aliye mji mwingine.

Sababu mnaijua kuliko sisi. Volkano ya Nyiragongo iliharibu sehemu kubwa ya katikati ya Goma Januari 2002, na Mei 2021 iliwahamisha watu tena. Januari 2025 Goma ilitekwa na M23, na mwezi uliofuata makambi makubwa ya pembeni mwa mji, yakiwemo Bulengo na Lushagala, yalivunjwa. Machi 2025 vita vilifika hadi mji wa Walikale. Mtu anayeondoka usiku huchukua watoto, sufuria na godoro. Hana nafasi ya kutafuta kamera. Kwa hiyo nakala ya pili itayarishwe wakati wa utulivu.

Flashi si kitu kinachodumu milele. Ifungueni mara moja au mbili kwa mwaka mwone kama picha zinafunguka, na baada ya miaka michache mzihamishie kwenye flashi mpya. Itunzeni pakavu, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Picha moja ya kamera ya kawaida huchukua takribani megabaiti 4, hivyo flashi ya gigabaiti 16 hubeba picha karibu 4,000. Kwa kamati nyingi hiyo ni kazi ya miaka kadhaa.

Kwenye kompyuta ya watu

Wengi wetu hatuna kompyuta. Tunatumia ya kibanda au ya ofisi. Hapo kuna hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni virusi. Flashi inayozunguka vibanda vingi huokota virusi vinavyoficha folda, mtu akadhani picha zake zimeibwa. Kadi nyingi za kamera zina kidude kidogo ubavuni cha kufunga. Ukikisukuma upande wa kufunga, kompyuta inaweza kusoma picha lakini kwa kawaida haiwezi kuandika wala kufuta kitu. Fungeni kadi kabla ya kuiingiza kwenye kompyuta msiyoijua.

Hatari ya pili ni kuacha picha nyuma. Ukipitisha picha kwenye kompyuta ya kibanda, nakala inabaki humo mpaka uifute, tena kuifuta hakutoshi, kwa sababu huenda kwanza kwenye pipa la taka la kompyuta. Ni vizuri kunakili moja kwa moja kutoka kadi kwenda flashi, bila kuweka kwenye kompyuta. Na picha zinazoweza kumletea mtu madhara zisifunguliwe kabisa mahali pa umma.

Kulinda watu walio ndani ya picha

Hili ni sehemu nzito kuliko zote. Picha inaweza kumtetea mtu, na inaweza pia kumwua. Kadi ikikutwa kwenye kizuizi cha barabarani, aliyeikamata anaona nyuso zote. Tunashauri mambo haya:

Ombeni ruhusa kila mara. Mweleze mtu picha itakwenda wapi na nani ataiona. Akikataa, mwache, wala asinyimwe msaada kwa sababu hiyo. Akikubali leo na kubadili mawazo kesho, ana haki.

Msimpige picha mtu aliyebakwa kwa namna ya kumtambulisha, hata akiwa na ujasiri wa kusema. Wachunguzi na madaktari wana taratibu zao. Kazi ya kamati ni kumfikisha kwenye matibabu haraka, ikiwezekana kabla ya saa 72 kupita, na kulinda jina lake.

Watoto walio peke yao wapigwe picha kwa ajili ya kutafutiwa familia tu, kwa kushirikiana na wahusika wa ulinzi wa watoto. Msitangaze picha yao pamoja na mahali wanapolala.

Msiandike jina la mtu kwenye jina la faili. Andikeni namba. Majina yakae kwenye daftari, na daftari lisisafiri pamoja na kadi.

Msipige picha za askari, wapiganaji, silaha au vizuizi. Hakuna picha ya kamati yenye thamani ya maisha ya mpigaji.

Jueni pia kwamba simu nyingi huandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa. Kwa ushahidi hilo lina faida. Kwa familia iliyojificha ni hatari. Mpangilio huo unaweza kuzimwa kwenye kamera ya simu.

Kuhusu kutuma kwa WhatsApp: picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na tarehe na mahali vilivyoandikwa ndani yake hupotea. Inatosha kwa salamu, haitoshi kwa ushahidi. Ukitaka ifike kamili, itume kama hati, au ipeleke kwa flashi.

Picha ikifutwa kwa bahati mbaya

Msikate tamaa. Kamera inapofuta picha, mara nyingi huondoa jina lake kwenye orodha tu. Picha yenyewe hubaki kwenye kadi mpaka picha nyingine ipigwe juu yake. Kwa hiyo acheni kutumia kadi hiyo palepale. Itoeni, mpelekeeni fundi mwaminifu mwenye programu ya kurudisha faili. Mara nyingi zitapatikana.

Lakini jambo hilohilo lina upande wa pili. Kadi ambayo mmefuta picha za hatari bado inaweza kusomwa na mtu mwenye ujuzi. Msiiuze wala kuiazima. Kadi ya kazi ya kamati ibaki ya kamati.

Picha kwenye baraza

Mapatano ya tarehe 23 Machi 2009 kati ya serikali na CNDP yalitaja kamati za kudumu za upatanisho za mahali, na kabla na baada yake wazee wamekuwa wakikaa barazani kusikiliza ugomvi wa mashamba. Picha ina nafasi yake huko, lakini tuitumie kwa busara.

Pigeni picha ya mpaka mkiwa pande zote mbili, mwenye shamba na jirani yake, na mashahidi wakiwepo. Picha iliyopigwa na upande mmoja kwa siri huongeza hasira. Karatasi ya mauziano ipigwe picha ikiwa imenyooshwa, kwenye mwanga wa mchana, maandishi yote yasomeke. Hamisheni picha siku hiyo au kesho yake, na kila upande upewe nakala ileile. Hapo hakuna atakayesema kwamba mwenzake amebadilisha.

Kumbukeni pia kwamba picha ya karatasi si karatasi. Hakimu au ofisi ya ardhi inaweza kudai ile ya asili. Itunzeni. Vilevile kadi ya mpiga kura, ambayo wengi wetu tunaitumia kama kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na diploma za shule: pigeni picha zake, zihifadhiwe mbali, na za asili zisafiri na mwenyewe. Nambari iliyosomeka kwenye picha humsaidia mtu anayeomba cheti kipya.

Wagaweni kazi. Mmoja ashike kamera, mwingine ashike daftari, wa tatu atunze flashi. Ni vizuri watu hao watoke katika jamii tofauti zinazoishi pamoja: Mhunde, Mnyanga, Mhutu, Mtutsi, Mtembo, Mkano, na akina mama wasikose. Kumbukumbu inayoshikwa na jamii moja peke yake, jamii nyingine haitaiamini, hata ikiwa ni ya kweli.

Maswali ya kujadili katika kikundi

• Ni picha gani tulizonazo sasa kwenye kamera na simu zetu ambazo hatutaki zipotee? Ziko mahali pangapi?
• Kamera ikiporwa leo, ni nani ataingia hatarini kwa sababu ya picha zilizomo? Tufanye nini wiki hii?
• Ni nani katika kijiji au kambi yetu anayeaminiwa na pande zote kutunza nakala ya pili?
• Je, tumewahi kuona picha iliyosemwa kuwa ya kwetu, kumbe si ya kwetu? Ilileta matokeo gani, na tungejuaje ukweli mapema?
• Tukirudi mashambani kwetu, ni picha zipi zitatusaidia kukaa na majirani kwa amani?

Anzeni na picha kumi tu. Zihamisheni, zihesabuni, ziandikeni kwenye daftari, na mtoe nakala mbili. Mkishazoea kumi, mia moja hazitawashinda.